Mlango Uliotunzwa na Katibu

Fundi alikuwa akikunja pindo la sketi ya shule, pini zimemjaa mdomoni, wakati mwanamume mwenye sanduku la magurudumu alipotokea kwenye roshani yake na kumuuliza mapokezi yako wapi.

Alitema pini kiganjani. Akamtazama viatu, akalitazama sanduku, akamwambia arudi alikotoka: ashuke ngazi, avuke ua wa Kinyozi, aingie kwenye ujia wa vigae, na aangalie kile kilicholegea karibu na ukuta, kimeshawategua watu vifundo. Yule mtu alishukuru, akashuka. Sanduku lake lilisikika likigonga kila daraja.

Fundi alirudisha pini mdomoni lakini hakushona. Kupita kwa watu hakukuwa jambo kwake. Tangu asubuhi alikuwa ameshapita mke wa Kinyozi kuja kuanika nguo, na mmoja wa mapacha aliyetumwa kuazima mkasi. Kilichomkera ni kwamba huyu hakupiga hodi, na hakuwa mtu wao. Mtu asiye wao hakuwa na njia ya kufika pale isipokuwa kwa mlango mkuu. Mlango mkuu ulikuwa kwa Katibu, na Katibu alikuwa mdogo wake, tumbo moja.

Roshani yenyewe haikuwa juu ya kitu chochote. Ilikuwa imelazwa ardhini nyuma ya chumba alichopanga, pembezoni kabisa mwa mji, kwenye mtaa wa vumbi ambao taka zake hazikuwahi kuzolewa na mtu. Sakafu ya mbao, ukingo wa chuma uliofuliwa kwa umbo la majani, vyote vimefungwa kwa waya kwenye ukuta wa matofali ya saruji. Kila mwisho wa mwezi Fundi aliusugua ule ukingo kwa brashi ya waya, akaupaka rangi ya kuzuia kutu, halafu nyeusi juu yake. Hakutumwa na mtu. Aliufanyia hivyo kwa sababu yeye na wenzake waliapa.

Waliapa katikati ya mji, kwenye Jumba. Jumba lilisimama kwenye kona ya barabara mbili ambazo siku hizi zimebadilishwa majina. Aliyelijenga ni tajiri mmoja wa zamani ambaye hajaacha nyuma mtu wa kumsifu. Waliolifanya liitwe nyumba ni wapangaji: wao ndio waliokuwa wakiziba bati likivuja, wakipaka chokaa, wakizibua mifereji kwa mikono. Kampuni ilipolinunua ilibandika notisi kwenye mlango. Wapangaji waliibandua, wakaenda kulala kwenye ngazi. Mama yake Fundi, ambaye magoti yake yalikuwa mabovu hata wakati ule, alichagua daraja la chini kabisa, ili buldoza likija likutane naye kwanza. Walilala hivyo masika yote. Waandishi wa magazeti walikuja, wakapiga picha, wakaenda zao. Mwisho Kampuni ikalainisha ulimi. Ikasema itabomoa lakini haitapoteza: kila kipande chenye thamani kitahifadhiwa, kitarudishwa kwenye jengo jipya mahali pake, na wapangaji watarudi pamoja na vipande vyao, kila mtu na chumba chake.

Hapo ndipo Katibu alipopanda juu ya pipa la maji pale uani. Aliitwa Katibu kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akisema kwa niaba yao, na alisema vizuri, kwa sauti iliyojua mahali pa kushuka.

"Ndugu zangu," alisema, "bohari la Kampuni tunalijua. Kinachoingia mle hakitoki. Vipande tutavitunza wenyewe, kila nyumba kipande. Siku wakivitaka, maana bila hivyo jengo lao ni chupa tu, itabidi watuchukue na sisi. Kipande kimoja kisiende bila vingine. Mtu mmoja asiende bila wengine."

Watu walishangilia mpaka sauti zikawakauka. Fundi hakushangilia, kwa sababu alikuwa amelishika pipa kwa mikono miwili lisiyumbe.

Basi wakalifungua Jumba kwa mikono yao kabla mashine hazijafika. Misumari ya zamani iling'olewa mmoja mmoja ikatiwa kwenye makopo. Mbao zilivingirishwa kwa mashuka ya kulalia. Ngazi ilikwenda kwa Kinyozi, akaisimamisha uani kwake, miguu yake ndani ya makopo ya oili chafu ili mchwa wasipande. Vigae vya ujia vilikwenda kwa Mama Pacha, mjane mwenye mapacha wa kike, akavipanga upya kati ya chumba na jiko kwa mpangilio wake ule ule, hata kile kilicholegea akakiacha kilegee. Fundi alipewa roshani. Mlango mkuu, wa mbao nzito, wenye vipini vya shaba vilivyolainishwa na viganja vya watu wengi, walikubaliana kwamba hauwezi kuwa wa mtu. Kwa hiyo ukabidi uende kwa yule ambaye wote walimwamini. Katibu ndiye aliyekuwa akiufunga kila siku baada ya taarifa ya habari, na haikuwahi kusikika kwamba amesahau. Aliusimamisha kwenye baraza la nyumba yake, katikati ya nguzo mbili, upande wa pili wa mji, alikoishi na mkewe na mama yao. Ufunguo alikuwa nao tayari.

Haukupita muda, mke wa Kinyozi alipanda ile ngazi na beseni la nguo mbichi, akitafuta mahali pa kufunga kamba, akajikuta kwenye roshani ya Fundi.

"Kumbe ni hapa?" alisema.

"Ni hapa. Anika tu, kamba ipo."

Jioni Kinyozi alipoelezwa, alikuwa akinoa wembe, na hakuacha kunoa. "Ngazi hii tangu lini ikaenda kwingine?" aliuliza. Kwake yeye, ngazi inayopanda na isifike popote ndiyo ingekuwa na kasoro.

Tangu hapo waliishi kama walivyokuwa wakiishi. Aliyekaa kaskazini alimwazima chumvi aliyekaa kusini. Kwa basi, kutoka kwa Katibu mpaka kwa Fundi, ilikuwa ni safari ya kubadilisha magari na kushinda njiani. Mama yao aliifanya kila alasiri na kandambili zake: alifungua mlango mkuu barazani, akapita kwenye vigae akiwauliza mapacha kama wameshakula, akaingia ua wa Kinyozi ambako wateja waliokuwa wakisubiri kiti walisimama kumpisha, akapanda ngazi akisonya kila daraja, akakaa kwenye roshani kwa bintiye mpaka jua linapoanza kuzama. Halafu akarudi hivyo hivyo.

Jana yake, kabla ya mgeni yule wa sanduku, Mama alikuja, akakaa, akalalamikia chai kuwa haina rangi, akaondoka kama kawaida.

Fundi alikuwa bado hajamaliza kuwaza alipokuja mwanamke wa viatu virefu kuuliza bwawa la kuogelea. Nyuma yake mume na mke wamevaa kaptula, wakapiga picha ukingo wa chuma, wakampiga picha na yeye na cherehani yake, wakamwambia asijali, aendelee tu. Aliweka sketi chini. Akafunika cherehani kwa kitambaa, akashuka.

Uani kwa Kinyozi mteja alikuwa amenyolewa nusu kichwa.

"Fundi, duka langu limekuwa stesheni," alisema Kinyozi. "Mwingine hapa ameniuliza kama kunyolewa kumo kwenye bei ya chumba. Nimemwambia chumba kipi. Akanionyesha kadi."

"Mama amepita leo?"

"Hajapita. Si yuko kwa mdogo wako?"

Kwa Mama Pacha, mapacha walikuwa wamekaa ukutani miguu wameivuta, wanawapisha watu wenye mizigo. Mama Pacha alikuwa na fagio mkononi. Alifagia nyuma ya visigino vya kila aliyepita, na huo ndio uliokuwa ukali wake. Fundi aliwapita, akafika kwenye mlango mkuu, akausukuma akitegemea baraza la mdogo wake, kapeti la Mama, na mabanda ya kuku ya jirani.

Akatokea kwenye ubaridi.

Ulikuwa ukumbi mkubwa wa mawe yanayong'aa, maua kwenye mitungi mirefu kuliko mtu, ukuta wa kioo, na nje ya kioo zile barabara mbili zenye majina mapya. Mlango ulikuwa umesimamishwa katikati, peke yake, umepigwa vanishi mpaka ulikuwa kama umelowa. Kando yake kulikuwa na bamba la kioo na picha. Na kando ya bamba, kwenye kiti cha ngozi, alikaa Mama, kandambili amezivua, miguu ameikunja upande. Kiti kilizungushiwa kamba nene nyekundu kwenye vinguzo vya shaba.

"Umechelewa," alisema Mama. "Umeleta chai?"

"Mama, umelala hapa?"

"Nilale wapi? Nimefungua mlango nirudi kwa mdogo wako, nimetokea hapa. Nikakaa nisubiri mtu wa kunionyesha chumba changu. Wamekuja wawili wakanitazama, wakaenda wakaleta kamba."

Meneja wa hoteli alikuja kwa hatua za taratibu, mikono nyuma. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulikuwa umefuliwa na kupigwa pasi. Alieleza kwamba mafundi walipomaliza kuusimamisha mlango jana jioni, ulifunguka, na bibi huyu akatoka. Mkataba ulisema mlango pamoja na vyote vinavyoambatana nao. Kwa hiyo walijua amekuja nao.

"Ni mama yangu," alisema Fundi.

"Hongera," alisema Meneja. "Wageni wanampenda sana."

Fundi aliivuka kamba, akachutama, akamvisha Mama kandambili moja. Mama akaivua.

"Twende nyumbani, Mama."

"Niko nyumbani. Hapa nilipo ni chini ya ngazi, daraja la mwisho. Nilipalala masika mazima, mgongo wangu unapajua. Waliahidi tutarudi, mimi nimerudi. Nikinyanyuka watasema tumeondoka kwa hiari yetu. Hawa nawajua, nilishakaa nao kwenye vikao nikiwa na meno yote. Kalete chai. Na mto, kiti hiki kinamwaga mtu."

"Mama."

"Yenye rangi."

Fundi alisimama. Mama alikuwa akiangalia lile bamba la kioo.

"Sina miwani," alisema Mama. "Nisomee."

Fundi alisoma. Bamba lilisema kwamba huu ni mlango wa asili wa jengo la kihistoria lililokuwa mahali hapa, kwamba umehifadhiwa kwa moyo wa kujitolea na jamii ya wapangaji wa zamani, na kwamba Kampuni inamshukuru Mratibu wa Urithi kwa kuifikisha ahadi mwisho wake. Chini yake ilikuwa picha ya mwanamume mwenye miwani, amesimama mlangoni, mkono kwenye kipini.

"Huyo mratibu ndiye nani?"

"Ni mtu tu, Mama."

"Haya," alisema Mama, na akageuza uso upande wa barabara.

Fundi hakurudi kwa njia ya nyuma. Alitoka kwa mbele, kwenye milango ya kioo inayojifungua, na mlinzi akamwambia kwamba wafanyakazi hutokea upande wa jikoni. Alipanda basi, akashuka, akapanda jingine. Ilikuwa muda mrefu hajapanda basi kwenda kwa mdogo wake, akapitiliza kituo.

Barazani kwa Katibu zile nguzo mbili zilikuwa bado zipo. Katikati yake palikuwa pamewekwa viti vipya vya plastiki na meza ya kuwekea magazeti. Wifi yake alitoka, akamwona, akasema "Karibu, wifi" huku akiyaangalia mabanda ya kuku, akaingia ndani haraka kumwita mumewe. Katibu alitoka amefunga tai. Shingoni alikuwa amening'iniza kitambulisho chenye picha yake.

"Dada, kaa kwanza."

"Nimesimama."

"Mlango ulikuwa unaliwa na mchwa. Ungeuona upande wa chini, ungenielewa. Nimeuokoa. Pale una hewa ya baridi, una mtu wa kuupangusa."

"Mchwa. Kinyozi ana ngazi imesimama kwenye udongo mtupu, makopo ya oili tu miguuni, haijaguswa hata unyuzi. Wewe una sakafu ya saruji."

"Usipandishe sauti, majirani."

"Sijaipandisha bado. Uliapa juu ya pipa. Kipande kimoja kisiende bila vingine, ni maneno ya nani yale? Ni ya kuku?"

Katibu alikaa kwenye kimoja cha viti vipya. Akakunja miguu, akaikunjua. Alipoanza kusema, sauti yake haikuwa ya jukwaani, ilikuwa ile aliyokuwa akiitumia utotoni akivunja kitu.

"Dada, vile vyumba havikuwahi kuwepo. Niliiona ramani. Hakukuwa na vyumba vyenu hata kwa kalamu ya risasi."

"Uliiona lini?"

"Kabla."

"Kabla ya nini?"

"Kabla ya pipa."

Ndani ya nyumba wifi alifungua bomba la maji, akaliacha limwagike.

"Watu walikuwa wamechoka," alisema Katibu. "Mvua imewanyeshea, watoto wanakohoa. Buldoza lingekuja tu. Nilitafuta maneno ya kuwatoa pale na heshima yao. Nikayapata. Walitoka wakiimba, dada, hukuwaona? Nani aliumia?"

Fundi alikuwa akiiangalia mikono yake. Ilikuwa ni mikono ileile. Ilimjia kwamba siku ile pipa lingemponyoka, mdogo wake angeanguka mbele ya watu wote, watu wangecheka, pengine wangerudi kulala kwenye ngazi.

"Na Mama?" aliuliza.

"Mama kafanyaje? Si yuko kwako? Mke wangu alisema amelala kwako."

"Jana jioni alitoka kwangu kurudi kwako. Kwa mlango."

Katibu alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya tai. Aliipangusa kwa muda mrefu.

"Akatokea wapi?"

"Ulikoupeleka."

"Yuko salama?"

"Yuko kwenye kiti. Wamemzungushia kamba."

Fundi alisubiri aanze kulia, na alikuwa ameshajiandaa kutomhurumia. Lakini Katibu alivaa miwani, akainua kichwa, na uso wake ukaanza kupata ule mwanga uliowahi kuonekana juu ya pipa.

"Basi amerudi," alisema. "Dada, si walituahidi kurudi? Wa kwanza kurudi ni mama yetu. Hili tunaweza kulisema vizuri sana."

Fundi alikwenda kituoni.

Walikutana uani kwa Kinyozi, wote waliokuwa na vipande. Kikao kilikatizwa mara kwa mara na wageni waliotaka kujua kifungua kinywa kinatolewa wapi, na mtu wa karibu alinyoosha kidole upande wowote. Fundi alisema yote, na lile la ramani alilisema mwisho. Hakuna aliyepiga kelele. Mama Pacha alisema mapacha wake wameshajifunza kusema "karibuni sana" kwa sauti ya puani, na kwamba alimpiga mmoja kibao halafu akalia yeye.

"Tuilaze ngazi," alisema Kinyozi. "Niing'oe hapa, niilaze chini kama mti. Jumba likatike katikati. Wakifungua mlango wao wakute vigae vya Mama Pacha na ukuta, basi."

"Na sisi kwa sisi?" mtu aliuliza.

"Na sisi tutakuwa tumekatika. Lakini hakuna atakayepita juu yetu."

Wakapiga kura kwa mikono. Mikono mingi iliinuka, na iliyobaki ilikuwa ikiinuka. Wa Fundi haukuinuka.

"Mkiilaza," alisema, "mimi nitakuwa huku na mlango utakuwa kule. Chai ya Mama nitaipitisha wapi? Kwa mbele mlinzi ameshaniambia nipite jikoni, na jikoni wameniambia nipite mbele."

Mikono ilikaa juu kidogo, halafu ikaanza kushuka, mmoja ukivuta mwingine.

"Mwambie atoke," alisema Kinyozi.

"Mwambie wewe."

Kinyozi alikuwa amelala daraja la pili masika yale, kichwa chake miguuni pa yule mama. Alichukua mkasi na kitana, akaenda. Baada ya muda alirudi. Alikuwa amemkata nywele.

"Amesema tuwe na subira na tusiwe na heshima," aliripoti. Akauweka mkasi mfukoni. Ngazi ikabaki imesimama.

Wiki iliyofuata Meneja alipanda mwenyewe mpaka kwenye roshani. Alisifu mbao, alisifu chuma. Alieleza kwamba, kwa kuwa sehemu zote hizi huingiwa kwa mlango wa Kampuni, Kampuni imeziita bawa la nyuma la hoteli, na wakazi wa bawa la nyuma wanaombwa wawajibu wageni vizuri na wasianike nguo za ndani mahali pa kuonekana. Akaupitisha mkono kwenye ukingo, akaliangalia doa la rangi kidoleni.

"Unaupaka mwenyewe?"

"Kila mwisho wa mwezi."

"Vizuri sana," alisema Meneja. "Usiache."

Fundi aliwaza kuacha. Aliacha mwezi mmoja. Kutu ilianza kwenye majani ya chuma, kwenye ncha zake, na ile kutu haikumuumiza Meneja, ilimuumiza yeye, kila asubuhi alipofungua dirisha. Mwezi uliofuata alichukua brashi.

Kila mchana alipeleka chakula. Alishuka ngazi na chupa ya chai na sahani iliyofunikwa, akavuka kwa Kinyozi, akavuka kwa Mama Pacha, akausukuma mlango. Mlinzi alikuwa ameshamzoea. Siku ya kwanza alipokaa kwenye mkono wa kiti kumsubiri Mama amalize, mlinzi alisogeza vinguzo na kuitanua kamba ili naye awe ndani. Mama alimwambia kila aliyesimama mbele yake ukweli wote, tangu notisi mpaka ile ramani aliyosimuliwa na Fundi, kwa sauti ya mtu anayeagiza nyama buchani. Wageni walisikiliza mpaka mwisho. Walisema inagusa sana. Wengine walimuuliza kama anaweza kurudia ile sehemu ya buldoza, mwenzao alikuwa chooni.

Mchana mmoja Katibu alikuja na kundi. Alikuwa na tai na kitambulisho, na kijiti cha kuonyeshea. Alisimama mbele ya mlango, akawaambia habari za Jumba, na hakusema uongo hata mmoja. Alisema watu walilala kwenye ngazi wakinyeshewa. Alisema waliapa kipande kimoja kisiende bila vingine, na alipofika hapo sauti yake ilishuka mahali palepale ilipowahi kushuka, na mwanamume mmoja mwenye kofia akavua kofia.

"Na hawa ni wapangaji kweli?" aliuliza mwanamke mmoja, akionyesha kwenye kamba.

"Kweli kabisa," alisema Katibu.

"Unawafahamu?"

"Ninawafahamu wote."

"Ni jamaa zako?"

Katibu alitabasamu. Fundi alikuwa na kifuniko cha chupa mkononi na hakukifunga.

"Jumba zima tulikuwa kama jamaa," alisema Katibu.

Mama alikuwa akitafuna. Alimaliza kutafuna, akameza, akapangusa mdomo.

"Sogea," alimwambia.

Katibu aliinama juu ya kamba. Mama alimshika tai, iliyokuwa imekwenda upande, akairudisha katikati, akaibana fundo. Akalamba kidole gumba, akamfuta kitu shavuni. Alifanya polepole, na Katibu alikaa ameinama hivyo, macho ameyafumba, mpaka alipoachiwa. Wageni walipiga picha. Yule mwanamke alisema, ona, wanampenda.

"Vyumba viko wapi?" Mama alimuuliza.

"Vinakuja, Mama."

Wageni walicheka kwa upendo, kwa sababu mwanamke wa umri ule kila mtu humwita mama. Katibu alijiweka sawa miwani. Alitoa ufunguo mfukoni, akafungua mlango mkuu, akasimama kando, na akawaambia kwamba sasa watapanda kwenye roshani, ambayo hadi leo inatunzwa kwa mkono kama zamani. Waliingia mmoja mmoja, wakiinamisha vichwa ingawa mlango ulikuwa mrefu. Yeye aliingia wa mwisho.

Fundi alikusanya sahani na chupa, akamwekea Mama mto vizuri mgongoni. Halafu akafuata nyuma yao, kwa sababu na yeye njia yake ya kwenda nyumbani ilikuwa ni hiyo.